Sumaku Haiongezi Mwendo: Kichapuzi cha Chembe na Safari ya Mgonjwa wa Unyambwa

Kuna dhana iliyozoeleka, hata miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwamba ndani ya kichapuzi cha chembe sumaku ndiyo inayozipa chembe kasi. Sivyo. Uga wa sumaku huikunja njia ya chembe yenye chaji, lakini hauiongezei nishati, kwa kuwa huisukuma kwa ubavuni tu, kamwe si kwa nyuma. Kasi hutoka kwenye uga wa umeme. Nalieleza jambo hili mbele ya wasomaji wa siasa na jamii kwa sababu historia ya chombo hiki imefika hadi Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida, kwa kila mkazi wake anayeambiwa kwamba ana saratani na kwamba tiba ya mionzi anayoihitaji iko Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanafizikia walitaka chembe zenye nishati kubwa ili kuuchunguza moyo wa atomu. Njia iliyojulikana ilikuwa kutumia volti nyingi kwa mkupuo mmoja, na vifaa vilipasuka kwa cheche kabla ya kufikia kiwango kilichotakiwa. Mwaka 1928 Rolf Widerøe, Mnorwei aliyesoma Ujerumani, alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba volti ileile yaweza kuisukuma chembe mara mbili, mradi umeme ugeuzwe kwa wakati wake. Ernest Lawrence wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipoisoma makala hiyo alijiuliza: ikiwa ni mara mbili, kwa nini isiwe mara nyingi? Jibu lake lilikuwa sumaku. Chembe ikikunjwa njia hadi izunguke, itarudi yenyewe kwenye pengo lilelile na kusukumwa tena.

Kilichomsaidia Lawrence ni sifa moja ya maumbile. Chembe inapoongeza kasi hupanua duara lake, na muda wa kulizunguka hubaki uleule. Kwa hiyo umeme unaweza kugeuzwa kwa mapigo yasiyobadilika. Mapema mwaka 1931, yeye na mwanafunzi wake M. Stanley Livingston walitumia siklotroni yenye kipenyo cha sentimita 11 hivi. Kwa volti zipatazo 2,000 tu walizipa chembe za haidrojeni nishati ya elektronivolti 80,000. Misukumo midogo, makumi ya mara, ilifanya kazi ambayo msukumo mmoja mkubwa uliwashinda wengi.

Sifa hiyo ina ukomo. Chembe inapokaribia mwendo wa mwanga hubaki nyuma ya mapigo ya umeme, na elektroni, kwa wepesi wake, hufika huko upesi. Mwaka 1940 Donald Kerst wa Chuo Kikuu cha Illinois aliunda betatroni, ambamo sumaku yenyewe hubadilishwa nguvu kwa haraka. Faraday alikwisha kuonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Hata hapo, basi, msukaji alikuwa umeme. Mwaka huohuo wa 1940, John Randall na Harry Boot huko Birmingham waliunda magnetroni kwa ajili ya rada za vita, chombo kinachotoa mawimbi mafupi ya redio yenye nguvu kubwa. Vita vilipokwisha, mawimbi hayo yalipelekwa ndani ya bomba lililonyooka na elektroni zikapanda juu yake. Mwaka 1953 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa kichapuzi nyoofu katika Hospitali ya Hammersmith, London. Elektroni ziliharakishwa hadi zaidi ya asilimia 99 ya mwendo wa mwanga, zikagonga bamba la metali nzito, na mionzi ya eksirei iliyotoka hapo ikaelekezwa kwenye uvimbe.

Kutoka mwaka huo hadi kichapuzi cha namna hiyo kuanza kutibu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwaka 2018, ilipita miaka 65. Kabla ya hapo taasisi hiyo ilitegemea mashine za kobalti-60, ambazo hazichapui chochote: chanzo chake cha mionzi hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi michache, na muda wa mgonjwa kulala chini ya mashine hurefuka kadiri chanzo kinavyochakaa. Majengo ya Ocean Road yalijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, mwongo uleule ambao Röntgen aligundua eksirei na Thomson akaitambua elektroni. Yalijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alipelekwa kwingine. Ubaguzi huo wa rangi umekwisha. Uliobaki ni wa masafa, nao hauhitaji sheria yoyote ili uendelee.

Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 700. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeifupisha safari, lakini haijakifupisha kipindi cha tiba. Mionzi haitolewi kwa siku moja. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini mwetu, kwa kawaida hupewa dozi ndogo siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi, ili seli nzima zipate nafasi ya kujiponya kati ya dozi na dozi. Akikatiza, uvimbe nao hupata nafasi hiyo. Mkulima wa alizeti wa Unyambwa asiye na ndugu Dar es Salaam atalala wapi wiki hizo? Nani atamlimia, na watoto atamwachia nani?

Tunapozungumzia afya tunapenda kuhesabu mashine, maana mashine huzinduliwa na kupigwa picha. Uganda ilitukumbusha mwaka 2016 kwamba hata hesabu hiyo ni dhaifu: mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini humo, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, na ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya nyingine kuanza kazi. Lakini mashine nzima isiyofikika kwa wiki 5 mfululizo nayo ina upungufu wake. Nauli, nyumba ya kulala wagonjwa, chakula na barua ya rufaa isiyocheleweshwa haviui seli hata moja ya saratani, kama vile sumaku isivyoongeza kasi hata kidogo. Bila sumaku, hata hivyo, chembe ya Lawrence ingepita penye pengo mara moja na kupotea.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wanaoandaa bajeti za halmashauri na za wizara, waweke makazi na nauli ya mgonjwa katika fungu lilelile la mashine. Na kila mwaka tuelezwe, mkoa kwa mkoa, ni wangapi walioanza tiba na ni wangapi walioimaliza.