Dawa ya Sigara Ilitoka Shambani

Desemba 1967, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, kusini mwa Sweden, alimwandikia barua mkemia wa kiwanda cha dawa cha AB Leo mjini Helsingborg. Mtafiti huyo ni Claes Lundgren, na mkemia ni Ove Fernö. Lundgren na mwenzake Stefan Lichtneckert walikuwa wamewachunguza mabaharia wa nyambizi. Chini ya maji hakuna kuvuta sigara, kwani hewa yenyewe ni ya kugawana. Hata hivyo mabaharia waliozoea sigara hawakuwa wakihangaika na arosto kama mtu angetarajia. Walibandika tumbaku mdomoni, kazi ikaendelea, na walipopanda nchi kavu wakarudia sigara zao. Lundgren akapendekeza itengenezwe dawa ya kumpa mvutaji nikotini bila moshi.

Mimi ni mfamasia, Tabora mjini, na kila nikifika kwenye kisa hiki hucheka kidogo. Jambo hilo wangeweza kuliona stendi ya mabasi hapa kwetu bila kuzamia popote. Mzee mwenye safari ya Dar es Salaam anajua ndani ya basi hakuna sigara, kwa hiyo kabla ya kupanda ananunua ugoro, anaweka nyuma ya mdomo wa chini, na hadi Dodoma hana ugomvi na mtu. Ila wazee wetu hakuna aliyewaandikia barua.

Fernö mwenyewe alikuwa mvutaji, na nadhani hilo lilisaidia. Alifikiria njia kadhaa, akaamua kutumia ubani wa kutafuna, hii tunayoiita jojo. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kwamba nikotini ikimezwa huenda tumboni, kisha hupita kwenye ini, na ini huiharibu sehemu kubwa kabla haijafika kwenye ubongo. Ilibidi ipenye kwenye ngozi laini ya ndani ya mashavu. Akaifungamanisha na resini inayoiachia polepole mtu anapotafuna, na baadaye ikaongezwa kemikali ya kupunguza uchachu wa mate, kwa sababu kwenye mate yenye uchachu nikotini haipenyi vizuri. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa asinywe kahawa wala soda anapoitumia. Anatafuna mara chache hadi asikie ukali, anaiegesha kwenye shavu, anasubiri ukali upungue, anatafuna tena. Anayeitafuna kama jojo ya dukani huishia kupata kwikwi na kiungulia, kisha anasema dawa haifai.

Uswisi iliiruhusu mwaka 1978, Marekani mwaka 1984. Katikati ya hapo, London, katika kliniki ya wavutaji ya hospitali ya Maudsley, Michael Russell na wenzake waliipima. Russell alikuwa daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini, na kwa miaka alikuwa akisisitiza kwamba mvutaji hutafuta nikotini ilhali kinachomuua ni lami na moshi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1982, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 47 ya waliopewa ubani wenye nikotini walikuwa hawavuti, na kwa waliopewa ubani wa mfano asilimia 21. Hao lakini walikuwa watu waliokwenda kliniki wenyewe, wakapata na ushauri wa pamoja. Huku mtaani takwimu haziwi nzuri kiasi hicho.

Kabla ya hapo biashara ya kuacha tumbaku ilikuwa mikononi mwa wajanja. Marekani ya miaka ya 1890 iliuziwa vidonge vilivyoitwa No-To-Bac, na taasisi za Leslie Keeley zikatangaza tiba ya dhahabu kwa walevi, watumiaji wa kasumba na wavutaji. Ikaja lobelini, dawa ya mmea, ambayo tangu miaka ya 1930 iliuzwa kwa madai makubwa hadi serikali ya Marekani ilipoiondoa sokoni kama dawa ya kuacha sigara mwaka 1993. Sina haja ya kukaa hapo. Kila zama ina wauza maji yake.

Ninakotaka kukaa ni Urambo. Nilizaliwa huko, katika mashamba yaliyobaki baada ya Waingereza kushindwa na mradi wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Karanga zilipogoma, tumbaku ikashika. Nyumbani tulikuwa na bani la kukaushia, na Januari hadi Machi watoto wote tulichuma. Majani huchumwa kuanzia yale ya chini, alfajiri, yakiwa na umande au mvua, unayakumbatia kwapani hadi shati linalowa. Jioni kulikuwa na mtoto anayetapika, kichwa kinamgonga, uso umekuwa wa kijivu. Mama alisema ni malaria, tukapewa klorokwini, tukaongezewa na muwasho. Kesho yake aliyeumwa aliachwa abaki kufunga majani kwenye fito, na akapona. Hakuna aliyejiuliza kwa nini malaria hii inawafuata wachumaji tu.

Mwaka 1974 madaktari wa North Carolina waliueleza ugonjwa huo kwenye jarida la kitabibu: ni sumu ya nikotini, inayotoka kwenye jani bichi lililolowa na kupenya kwenye ngozi. Na huko Los Angeles, profesa wa famakolojia Murray Jarvik na kijana wake wa utafiti Jed Rose walisikia habari za wachumaji hao wakajiuliza swali la upande wa pili. Kama nikotini inaweza kumwangusha mchumaji kwa kupitia ngozi, si inaweza pia kumshikilia anayeacha sigara? Walishindwa kupata kibali cha kuwajaribia watu, basi wakaweka tumbaku kwenye ngozi zao wenyewe na kukaa kusubiri. Mapigo ya moyo yakapanda. Kufikia mwaka 1992 vibandiko vya nikotini vilikuwa vikiuzwa Marekani.

Nilisoma hayo nikiwa chuoni, Muhimbili, na nilifunga kitabu nikatoka nje. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira. Kile kilichotutapisha shambani watu walikipima, wakakipa kipimo, wakakiwekea gundi, kikawa dawa. Na katika miaka yangu yote ya kusimama kaunta hapa Tabora, mkoa unaolima tumbaku kuliko chakula katika baadhi ya vijiji, sijawahi kumwona muuzaji wa jumla akiniletea kibandiko hata kimoja.

Dawa ya tatu ina historia ya vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Kisovieti waliokosa tumbaku walivuta majani ya mti wa labanamu, mti wa mapambo wenye maua ya njano yanayoning'inia. Mti huo una sumu, na ndani ya sumu hiyo mna sitisini. Mwaka 1964 Bulgaria iliitoa sitisini kama vidonge, Tabex, vya kumezwa kwa siku 25, na vikatumika miongo mingi katika nchi za kijamaa. Magharibi hawakuvijali. Tafiti zilikuwa kwa Kibulgaria, Kipolandi na Kijerumani, na kidonge chenyewe kilikuwa cha bei ya chini mno kumvutia mwekezaji. Pfizer wao waliichukua sitisini kama mwanzo, wakaibadilisha umbo, na mwaka 2006 wakatoa vareniklini. Zote mbili hufanya kazi kama abiria aliyewahi kiti cha mwenzake kwenye basi: nikotini inapofika kwenye ubongo inakuta nafasi imekaliwa, na aliyeikalia anampa mtu burudani kidogo tu, ya kumwepusha na arosto. Mwaka 2011 utafiti wa watu 740 uliofanyika Warsaw ulionyesha kwamba waliotumia sitisini na kukaa mwaka mzima bila kuvuta walikuwa asilimia 8.4, dhidi ya 2.4 ya waliopewa kidonge cha mfano. Namba hizo ukizitazama bila kuwajua wavutaji utasema ni ndogo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani na vibandiko kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, vareniklini na bupropioni mwaka 2021, na Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku, na sitisini ikiwamo. Tanzania ina sheria ya tumbaku tangu mwaka 2003. Orodha na sheria hizo ninazo kwenye faili. Rafu zangu zina pipi za menthol.

Basi nimeegemea kwenye ule upande wa historia usiohitaji rafu. Waadventista waliuanza mapema: karibu mwaka 1960 Daktari Wayne McFarland na Mchungaji Elman Folkenberg walibuni huko Marekani mpango wa siku tano, daktari na mchungaji wakizungumza jioni tano mfululizo, maji mengi, hakuna kahawa, na kila mtu ana mwenzake wa kumpigia simu kiu ikimzidi. Huku kwetu kanisa hilo liko Upare tangu mwaka 1903, na marehemu mjomba wangu, aliyeoa huko, aliacha kiko kwa wakwe wenye msimamo huo, bila dawa yoyote, kwa aibu na kwa kutazamwa. Sidharau njia hiyo.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Russell tena, wa mwaka 1979. Madaktari 28 wa London, wagonjwa wavutaji zaidi ya 2,000 waliokuja kwa shida zao nyingine. Kati ya wale ambao hawakuguswa, walioacha na kudumu mwaka walikuwa asilimia 0.3. Walioambiwa na daktari kwa dakika moja au mbili kwamba waache, wakapewa kijikaratasi, wakaonywa kwamba watafuatiliwa, walifika asilimia 5.1. Russell alipiga hesabu kwamba madaktari wote wa Uingereza wakifanya hivyo, wavutaji zaidi ya nusu milioni wataacha kila mwaka.

Kwa hiyo mtu akiegemea kaunta na kusema, "Dokta, nipe dawa ya kuacha sigara," simwambii haipo akaondoka. Namuuliza swali la Msweden mwingine, mwanasaikolojia Karl Fagerström, aliyelitunga mwaka 1978: ukiamka, ya kwanza unawasha baada ya muda gani? Anayewasha kabla hajatoka kitandani ana kazi kubwa kuliko anayesubiri chai. Tunachagua siku. Namwambia arosto kali ni ya wiki ya kwanza, kwamba atakuwa mkali kwa mkewe na amwonye mapema, na kwamba ugoro si dawa, una mambo yake kwenye fizi na kinywa. Kisha naandika jina na namba kwenye daftari na kumwambia nitapiga.

Wengi hawapokei. Msimu huu mmoja alipokea, mkulima wa Kaliua, akasema yuko kwenye bani anapanga majani, mikono imejaa utomvu, nimpigie jioni. Nikapiga. Alikuwa amevuta mbili tangu asubuhi, mtu aliyezoea pakiti nzima.

"Mbili hizo zilikuwa saa ngapi, baba?"

"Asubuhi, na baada ya chakula."

Tukapanga aanze kuiacha ya baada ya chakula, nami nipige tena Jumatano.