Anga la usiku: tunachokiona kutoka duniani na kinachofichwa na hewa

WAKAZI wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaishi chini ya anga ambalo wataalamu wa falaki wa Ulaya hufunga safari ndefu ili kulitazama. Kwa kuwa miji hiyo iko karibu na ikweta, katika mwaka mmoja mtu huweza kuziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Usiku wa Mei, aliyesimama Dodoma huuona Msalaba wa Kusini na, akigeuka, huliona kundi la Dubu Mkubwa likiwa chini upande wa kaskazini. Jirani na Msalaba huo ipo Alfa Kantarusi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi. Mkazi wa London haioni kamwe akiwa kwake.

Hata hivyo, mjini neema hii haionekani. Mahali penye giza, jicho tupu huweza kuhesabu nyota zipatazo 2,000 kwa wakati mmoja. Katikati ya jiji hubaki makumi tu. Taa za barabarani na za mabango hupeleka sehemu ya mwanga wake juu, na vumbi pamoja na unyevu huutawanya hadi anga lote likawa na weupe hafifu. Nyota hazijaondoka, ila zimezidiwa.

Kila nyota huchomoza dakika nne hivi mapema kuliko jana yake, kwa sababu dunia inalizunguka jua. Kwa mwezi mmoja hufika saa mbili, na ndiyo maana kila msimu una nyota zake. Wazee wetu waliijua kanuni hiyo bila vitabu. Kundi la Kilimia, ambalo jina lake limetokana na kulima, hupotea machweoni mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, kisha huzuka tena alfajiri ya Juni wakati wa jua.

Mwezi mwandamo nao una masharti yake. Huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kutua, na ule ambao haujatimiza saa 15 tangu kuzaliwa ni nadra mno kuonekana kwa jicho tupu. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana tatizo la ziada: bahari yake iko mashariki, hivyo hulazimika kuutafuta juu ya majengo na moshi wa jiji. Aliye Mji Mkongwe wa Zanzibar anatazama bahari ya magharibi. Si ajabu basi kwamba watu waaminifu hutofautiana usiku wa kuamkia Idi.

Hewa yenyewe hutudanganya pia. Hupinda nuru kiasi kwamba ukingo wa chini wa jua unapoonekana kugusa upeo wa macho, jua lote kwa hakika limekwisha kushuka chini yake. Mawimbi ya hewa ndiyo hufanya nyota zimemetemete. Zaidi ya hayo, hewa huzuia kabisa mionzi ya eksirei itokayo angani. Jambo jema kwa afya zetu, lakini kikwazo kwa mtafiti.

Kikwazo hicho kilivukwa kutoka pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa kuwa kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huichukua kasi hiyo bure.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kulitambua shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Inasikitisha kwamba vijana wengi wa Malindi hawajapata kusimuliwa habari hii.

Anayetaka kuanza hahitaji setilaiti. Achague usiku usio na mwezi, aondoke penye taa, azime simu na kuyapa macho dakika 20 hivi yazoee giza. Akiwa na darubini ndogo ya macho mawili, aielekeze kwenye sayari ya Mushtarii na kuitegemeza ukutani isitikisike. Ataona vinukta kandokando yake, miezi ile ile ambayo Galileo aliiona Januari 1610, na kesho yake atakuta imebadilishana nafasi.