Neno refu likatwe wapi?

Dominika moja, katika kijiji kimoja cha upande wa Nyunzu, tulikaa nyuma tukamsikiliza katekista akisoma barua tuliyoipiga wenyewe kwa mashine. Barua ilisema kwamba wenye kushika chuki mpaka mwisho hawatasamehewa. Mstari ulikuwa umejaa, nasi tulikata neno: juu «hawa-», chini «tasamehewa». Katekista akapumzika pale pale. Watu wakasikia «hawa», kama watu hawa, kisha «tasamehewa». Ile ha- ya kukana ikapotea. Mlangoni mama mmoja akatuuliza: «Baba Padri, basi hata wale wamesamehewa?»

Na silabi zilikatwa sawasawa: ha-wa-ta-sa-me-he-wa! Kosa liko wapi basi?

Tuangalie mambo ya zamani. Kiswahili kiliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na waandishi wa pwani mara nyingi waliacha n iliyo mbele ya d, na m iliyo mbele ya b. Kwa sikio lao nd ilikuwa kama sauti moja. Ndiyo sababu twakata a-ndi-ka, si an-di-ka; na mji wetu ni Nyu-nzu. Aliyezoea Kifaransa na kukata con-tent atajikwaa hapo.

Mapadri Weupe walipopokea Mpala mwaka 1885, shule ya misioni ilifundisha kwa herufi za Kilatini. Lakini silabi ni jambo moja, neno ni jambo lingine: laanza wapi, laisha wapi? Huko kusini, Watswana huandika ke a go rata, maneno manne. Wazulu huandika ngiyakuthanda, neno moja. Nyumba ni ile ile ya ninakupenda, ni kuta tu zimewekwa mbalimbali, kwa desturi za wamisionari. Clement Doke, katika miaka ya 1920, alishika kwamba neno moja lina mkazo mmoja, na viambishi havisimami peke yao. Twaona alisema kweli: katika ninakupenda sauti hukaza kwenye pe tu.

Wapolandi, ambao maelfu yao walikaa Tengeru karibu na Arusha toka mwaka 1942, wana taabu nyingine. Szczęście, yaani heri, lina herufi 9 na silabi 2 tu. Nitakuona lina herufi 9 pia, na silabi 5. Mkazo wao huwa, kama wetu, kwenye silabi ya pili toka mwisho. Lakini wakikata neno huangalia na maana: bezwzględny, pasipo huruma, hukatwa bez-względny, kwani bez ni «bila».

Nasi tungeweza kukata hawata-samehewa. Silabi haziharibiki, na msikilizaji angengojea. Lakini tangu Dominika ile tunampelekea katekista karatasi zisizo na neno lililokatwa hata moja. Pembeni mistari haifikani, yeye hajanung'unika.