Seva pepe ndogo: kwa nini ext4?

Mwenye kibanda Gikomba akikopesha marobota ya mitumba, huandika kwanza daftarini. Akikatizwa, daftari linakumbuka.

ext2 ya mwaka 1993 haikuwa na daftari hilo. Umeme ukipotea ghafla, seva ikiwaka ilibidi ikague diski nzima. Mwaka 2001 Linux ilipokea ReiserFS na ext3, zote zenye daftari. ReiserFS ilisifiwa kwa faili ndogondogo, lakini ilikosa watunzaji, ikaondolewa katika Linux 6.13 mwaka 2025. ext3 iliwekwa juu ya ext2 bila kufuta data, na mwaka 2008 ext4 ikawa tayari.

Basi, hesabu za duka lako ziweke kwenye ext4. Ila tunza nakala kwingine: daftari hulinda mpangilio wa faili, halirudishi ulichofuta.