Alama ya Biashara: Usajili Wake na Namna ya Kuilinda

Alama ya biashara ni ishara inayomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa au huduma ya mfanyabiashara mmoja na ya mwingine. Inaweza kuwa neno, jina, mchoro, herufi, tarakimu au mchanganyiko wa hivyo. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na daftari la alama linatunzwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Kenya ina Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inayosimamiwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI.

Kosa linalowagharimu wafanyabiashara wengi ni kudhani kwamba cheti cha jina la biashara ndicho ulinzi wenyewe. Ofisi ni ileile, BRELA, lakini madaftari ni tofauti. Cheti cha jina la biashara, au cha kampuni, kinaeleza nani anaendesha shughuli kwa jina gani. Hakimpi mtu haki ya kuwazuia wengine wasibandike jina hilo kwenye bidhaa zao. Namba ya mlipakodi haitoi haki hiyo, leseni ya halmashauri haitoi, na nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, inahusu viwango vya bidhaa, si umiliki wa jina. Ukurasa wa Instagram wenye wafuasi lukuki nao hautoi. Tena mitandao ya kijamii, ukiilalamikia kwamba mtu ametumia jina lako, huuliza namba ya usajili wa alama.

Kazi ngumu huanza kabla ya fomu, kwenye kuchagua jina. Sheria hailindi maneno yanayoeleza tu bidhaa ilivyo, kwa sababu kila muuzaji anayahitaji. Anayeuza unga hawezi kujimilikisha maneno “Unga Safi”, wala muuza asali hawezi kuwafungia wenzake “Asali ya Tabora” kana kwamba nyuki wa Tabora ni wake. Majina ya mahali ni dhaifu kwa sababu hiyohiyo. Jina Kilimanjaro limo kwenye bia ya kampuni ya TBL na kwenye maji ya chupa ya Bonite, ingawa bia na maji ya kunywa huwekwa daraja moja katika uainishaji wa bidhaa. Mlima ni wa wote, na anayejenga biashara juu ya jina lake ajue atakuwa na majirani.

Majina yenye nguvu ni yale ya kubuni, au ya kawaida yaliyowekwa kwenye bidhaa isiyohusiana nayo. Tusker, bia iliyoanza kutengenezwa Kenya miaka ya 1920, imebeba jina la tembo dume mwenye pembe. Tembo hana uhusiano wowote na shayiri, na ndiyo maana jina linafaa. Wenye biashara ndogo huwa hawapendi ushauri huu. Wanataka jina litakalomweleza mteja kila kitu kwa mara moja, na matokeo yake ni jina ambalo Msajili wa alama atalikataa, au atalipokea kwa sharti kwamba neno lililo ndani yake halimilikiwi na mtu. Sheria pia inakataza alama zinazodanganya, zinazokiuka maadili, zinazotumia bendera au nembo ya taifa bila ruhusa, na zinazofanana na alama iliyokwisha kusajiliwa kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Kipimo hapa ni mnunuzi wa kawaida, aliyesimama dukani kwa haraka na kumbukumbu isiyo kamili. Mwanasheria aliyeweka lebo mbili mezani akazikagua kwa miwani siye anayetazamwa.

Mifano miwili ya Kiswahili ughaibuni inaonyesha mipaka ya haki hii. Kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kusajili neno “Kikoy”. Wafumaji na wauzaji wa Kenya pamoja na washirika wao wakapinga, kwa kuwa kikoi ni jina la vazi lenyewe, na ombi halikufaulu. Disney nayo iliomba Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu ya The Lion King, kusajili “Hakuna Matata” kwa ajili ya mavazi, ikapewa usajili mwaka 2003. Mwaka 2018 waraka wa malalamiko ukasambaa mtandaoni, na wengi wakaamini kwamba sasa Mswahili angeshtakiwa kwa kusema maneno yake. Hilo halikuwa kweli. Usajili ule ulihusu kuandika maneno hayo kama alama kwenye nguo zinazouzwa Marekani. Haukugusa mazungumzo, wala duka la Mombasa. Ila hasira ya watu naielewa: msemo uliokuwa wa kila mtu pwani, mwenye pesa za mawakili ndiye aliyewahi dirishani.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye mambo mawili yanayofunga kila usajili, yaani aina ya bidhaa na eneo. Uainishaji wa kimataifa wa Nice una madaraja 45. La 1 hadi la 34 ni ya bidhaa, la 35 hadi la 45 ni ya huduma. Sabuni ya kuogea iko daraja la 3, nguo la 25, kahawa na viungo la 30, mgahawa la 43. Mwenye mgahawa anayepanga kuuza kahawa iliyofungashwa anahitaji madaraja mawili. Tanzania Bara kila daraja lina ombi lake na ada yake. Kenya ombi moja linaweza kubeba madaraja kadhaa.

Upande wa eneo ndio unaowashangaza Watanzania. Mali ya ubunifu si jambo la Muungano. Alama iliyosajiliwa BRELA inalindwa Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Mfungasha viungo anayeuza Kariakoo, Bara, na Darajani, Zanzibar, anatakiwa kusajili pande zote mbili. Kwa nchi nyingine, Kenya ni mwanachama wa mfumo wa Madrid tangu 1998, na mfanyabiashara wake anaweza kuomba ulinzi katika nchi nyingi kwa ombi moja. Tanzania haimo. Imo katika Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu barani Afrika lenye makao Harare, lakini haikuiingiza itifaki hiyo katika sheria za ndani, na mawakili wengi wanashauri kuomba moja kwa moja BRELA. Aliyeomba nchini kwake ana miezi sita, chini ya Mkataba wa Paris, ya kuomba kwingine na kuhesabiwa tarehe ileile ya kwanza.

Ombi lenyewe hufanyika kwa mfumo wa mtandao wa BRELA, ambapo Mtanzania hujisajili kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Huwasilishwa alama, orodha ya bidhaa au huduma, na maelezo ya mmiliki. Nembo ikiwasilishwa bila kubanwa kwenye rangi fulani, ulinzi wake huenea kwenye rangi zote, na kwa mtazamo wangu hilo ndilo chaguo la busara kwa biashara changa ambayo kesho itabadili rangi za mfuko. Msajili huchunguza, na akikubali, alama hutangazwa kwenye jarida rasmi. Kuanzia hapo mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Kenya ni siku 60 vilevile. Pasipo pingamizi hutolewa cheti, na haki huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipopokelewa, si siku cheti kilipotoka. Kwa hiyo kuahirisha ombi kwa kungoja biashara ikue ni kumwachia mwingine nafasi ya mbele.

Jina linaloandikwa kwenye sehemu ya mmiliki lina uzito wake. Alama ikisajiliwa kwa jina la mbia mmoja badala ya kampuni, siku ya kugawana huondoka naye. Mwagizaji anayesajili kwa jina lake alama ya kiwanda cha nje bila idhini anakaribisha kesi. Aliyechora nembo naye aandikiane na mteja kwamba haki zimehamishwa.

Usajili Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Uganda ni vivyo hivyo. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Alama isiyotumika inaweza kufutwa: Tanzania Bara baada ya miaka 3 mfululizo, Kenya miaka 5. Ikitunzwa huwa mali inayouzika. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zilinunua kutoka Vodafone jina la M-Pesa pamoja na jukwaa lake, jina ambalo tayari lilikuwa mdomoni mwa mamilioni ya watu.

Dhidi ya waigaji, mwenye alama anaweza kufungua kesi ya madai, kuomba zuio na fidia. Asiyesajili hayuko mikono mitupu: anaweza kushtaki kwamba mwenzake anawauzia watu bidhaa kana kwamba ni zake, lakini atalazimika kuthibitisha sifa ya jina lake sokoni, udanganyifu, na hasara, na ushahidi huo ni ghali. Bidhaa bandia Tanzania Bara hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Ofisi hizi hutenda kwa kasi zaidi zinapopata malalamiko yenye cheti na sampuli ya bidhaa halisi. Hakuna ofisi itakayozunguka sokoni ikitafuta waigaji kwa niaba yako. Kwa hiyo kabla hujamlipa mchora bango, fanya upekuzi kwenye daftari la alama, na ukishapata cheti, soma jarida la Msajili kila linapotoka: pingamizi ndani ya siku 60 ni rahisi kuliko kesi ya miaka mitatu.