Umami: neno lililokuja na ngeli yake

Dagaa wa Kigoma, kiganja kimoja, wametolewa vichwa na matumbo, wakaoshwa mchanga na kulowekwa nusu saa kwenye maji baridi. Sufuria inabandikwa kwenye moto mdogo, povu linaenguliwa, na baada ya dakika kama kumi supu inachujwa. Ina rangi ya chai nyepesi. Chumvi haijatiwa, pilipili haijatiwa, lakini anayeonja kijiko kimoja mate yanamjaa mdomoni na ladha inamganda ulimini. Si tamu kama sukari, wala si chachu, wala si chungu. Ni nini basi?

Wajapani wana jina lake: umami. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alichunguza kombu, mwani mpana wa rangi ya kahawia unaomea kwenye bahari za baridi na kuchemshiwa dashi, supu nyepesi iliyo msingi wa mapishi mengi ya Kijapani. Ndani yake akapata glutamati, na ladha yake akaiundia jina kutoka umai, yaani kitamu, na mi, yaani ladha. Mwaka 1909 kiungo cha Ajinomoto, kilichotokana na ugunduzi huo, kilianza kuuzwa. Mwaka 1913 mwanafunzi wa Ikeda, Shintaro Kodama, akaonyesha kwamba katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi, ana kitu kingine chenye ladha hiyo: inosinati. Baadaye ikathibitika kwamba viwili hivi vikikutana chunguni, ladha hupanda maradufu na zaidi.

Hapo ndipo jiko la Mswahili linapoingia. Nyanya mbivu ina glutamati; samaki mkavu ana inosinati. Kumbe dagaa wa nyanya ni umami mtupu, na watu wamekuwa wakiula miaka yote bila kuuita hivyo.

Sasa, tuuiteje? Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa "ladha ya utamu", lakini utamu wetu tayari una mwenyewe: sukari. Wako wanaoweza kupendekeza ukolevu, kutokana na mchuzi kukolea. Ni neno zuri, ila kukolea ni habari ya kipimo. Chumvi hukolea, chai hukolea majani, rangi hukolea, hata mapenzi hukolea. Umami ni ladha moja mahususi, yenye vipokezi vyake ulimini. Mchuzi unaweza kukolea chumvi na umami usiwemo.

Jawabu bora ni kulichukua neno lenyewe, kwa kuwa limekuja limevaa nguo zetu. Linaanza na u, kama utamu, uchungu, uchachu na ukali, na masikio ya Mswahili yanaliweka papo hapo kwenye ngeli ya U: umami wa uyoga, umami huu, umami umezidi. Ni maneno machache ya kigeni yenye bahati hiyo.

Kombu nayo ibaki kombu. Kuiita "mwani" tu kunampoteza mpishi, kwa sababu mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989 ni wa jamii nyingine, mwani mwekundu unaotoa ute mzito kama jeli. Atakayeuchemsha akitarajia dashi atapata uzito, si umami. Badala ya kombu, afadhali nyanya zilizokaushwa au uyoga mkavu. Dagaa wa Kigoma, kwa upande wao, ni ndugu wa karibu wa dagaa wa Kijapani waitwao niboshi. Tofauti ni kwamba niboshi huchemshwa kabla ya kuanikwa. Mirin, divai tamu ya mchele ambayo Wajapani huitumia jikoni, wengi wataiacha kwa kuwa ina kileo: sukari kidogo na tone la siki vinatosha.

Kubadilisha viungo hivi si kuharibu upishi wa watu. Wajapani wenyewe hutumia neno lao wafu, "kwa mtindo wa Kijapani", kwa tambi za Kitaliano wanazozikoleza kwa sosi ya soya, na mkahawa wa Kabe no Ana jijini Tokyo, uliofunguliwa 1953, ulipata sifa kwa kuchanganya spageti na mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi. Nyumbani, uyoga ukaangwe kwa siagi mpaka kingo zigeuke rangi, utiwe miko miwili ya supu ya dagaa na kijiko cha sosi ya soya, kisha tambi zigeuzwe humo zingali moto.

Wanaoandika mapishi kwa Kiswahili waandike umami bila alama za kunukuu, na waupatanishe inavyostahili: umami wake, si umami yake.