Mipira ya matope: kutoka Safari Rally hadi barabara ya Makambako

Malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka yameleta mjini Songea mgogoro ambao miaka ishirini iliyopita ungechekwa: mgogoro wa rangi ya magari. Wanaopaza sauti zaidi ni vijana wenye Subaru Impreza, Altezza na Mark X, magari yaliyokaa chini, yenye matairi mapana na rangi ya kujiangalia uso. Safari moja ya Makambako na kurudi, takriban kilomita 600, na rangi ya chini ya milango imeanza kutoboka-toboka kama ngozi ya tetekuwanga, kwa kokoto ambazo malori huzirudisha barabarani. Kwa mafundi wa mitaa ya Mfaranyaki na Lizaboni hii ni kazi mpya: kukata mipira ya matope na kuifunga nyuma ya magurudumu.

Vijana wengi huichukua mipira hiyo kama pambo, hasa ikiwa myekundu. Historia yake ina vumbi na matope mengi ya Afrika Mashariki kuliko wanavyodhani.

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wakoloni walianzisha mbio za magari zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikaitwa Safari Rally. Mara nyingi zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameiva, na barabara zilikuwa za wazi kwa kila mtu: dereva wa mashindano alikutana na basi, na ng'ombe, na lori lililokwama. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1968, saba tena.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba gari la michezo halina lake huku. Volvo ya Joginder Singh iliyoshinda 1965 na Peugeot 404 iliyoshinda 1968 yalikuwa magari ya kawaida ya familia, yenye migongo ya kuvumilia. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 1971, Edgar Herrmann aliposhinda kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu. Nyuma yake, nafasi ya pili, ilikuwa 240Z nyingine. Dereva wake alikuwa Shekhar Mehta, kijana wa Uganda.

Mehta ndiye wa kusimuliwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, naye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, alikuwa tena ndani ya 240Z, na msomaji wake wa njia, Lofty Drews. Mashindano yalipokwisha, jumla ya adhabu yake ilikuwa sawasawa, dakika kwa dakika, na ya Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Maelfu ya kilomita za matope, halafu sare! Waamuzi wakarudi kwenye karatasi za vituo. Kanuni ilisema mkiwa sare, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta ndiye aliyechafuka baadaye. Akapewa kombe, na baadaye akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Jumla mara tano. Wapo wanaosema kombe la 1973 lilitolewa na makarani. Mimi nasema makarani walisoma tu kilichoandikwa na barabara.

Wa tatu mwaka huo walikuwa Ove Andersson na msomaji wake, Mfaransa Jean Todt. Huyo Todt ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la magari duniani, FIA, Safari iliporudishwa kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Porsche nao walijaribu: mwaka 1978 walileta 911 zilizoinuliwa kutoka chini, wakaambulia nafasi ya pili na ya nne.

Magari hayo ya mashindano yalitufundisha kazi ya mpira wa matope. Jiwe hunaswa na tairi, likazungushwa, kisha likaachiwa kwa kasi. La gurudumu la mbele hupiga kizingiti cha mlango na ubavu wa gari lenyewe. Rangi hubanduka, praima nayo, na bati likishaona unyevu wa Songea kuanzia Novemba hadi Aprili, kutu haikawii. La gurudumu la nyuma humdhuru mwenye gari kidogo tu. Zaidi humfuata aliye nyuma, kwenye taa na kioo. Kwa hiyo mpira wa mbele ni wa kujikinga, wa nyuma ni wa kumstahi mwenzako. Kanuni za FIA za mashindano zimeruhusu mipira hiyo kwa masharti: iwe laini, ya plastiki yenye unene usiopungua milimita 4, ncha yake isizidi sentimita 10 kutoka ardhini gari likiwa limesimama.

Ulaini huo una sababu yake. Fundi mmoja wa Mfaranyaki, ambaye hukata mipira kutoka mabaki ya mikanda ya mashine, ananiambia wateja hudhani mpira mgumu ndio imara. Ukirudi nyuma ukagusa ukingo wa barabara, mpira mgumu hauinami. Hung'oa skrubu na kipande cha bampa. Kosa la pili ni kuubana mpira moja kwa moja kwenye rangi. Mchanga mwekundu huingia katikati, na kila mtikisiko unakuwa msasa. Yeye huacha nafasi kwa washa, na humwambia mteja apige maji hapo kila anapoosha gari.

Barabara yetu ya Makambako ilijengwa kwa lami miaka ya 1980 kwa fedha za Uingereza. Songea hadi Namtumbo na Peramiho hadi Mbinga zilifuata kwa fedha za Wamarekani, chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008. Lami ilipokuja wengi waliona mpira wa matope umepitwa na wakati. Lakini pembeni mwa lami kuna changarawe, kwenye viraka kuna kokoto, na lori linalokanyaga bega la barabara linazirudisha zote katikati.

Madereva wa zamani wa malori walijivunia mipira yao ya nyuma; waliichora simba, wakaiandika misemo. Sasa tela nyingi zinazopanda mlima wa Lukumburu kwenye barabara hiyo zina mabaki tu ya mpira, kipande kilichochanika kinachopepea upande mmoja. Kijana wa Subaru amenunua mipira minne kukinga rangi yake, na anaifuata tela isiyo na hata mmoja. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama askari hukagua breki, taa na matairi ndipo wabandike stika. Wainame kidogo zaidi, waangalie nyuma ya gurudumu la mwisho la tela.